Cherehani ya Masaka

Wajukuu zangu,

Najua mnaulizana cherehani ya nyuma ya mlango imekwenda wapi. Yule aliyenisindikiza nimemkataza kusema mpaka niseme mwenyewe. Mlipokuwa wadogo mlikuwa mkizungusha gurudumu lake mkijifanya madereva wa basi la Mwanza, na bibi yenu, Mungu amrehemu, aliwafukuza kwa mwiko. Mlidhani anaogopa mtaiharibu. Cherehani ile ilikuwa haijashona hata kiraka tangu iingie nyumba hii mwaka 1979. Hakukuwa na cha kuharibu.

Krismasi iliyopita mmoja wenu aliniuliza kwa nini nisiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu, tupate hela ya betri ya sola. Nikamwambia nitamjibu. Jibu limechukua miezi, na limekuwa refu, kwa sababu usiku uleule nilisikia jambo jingine lililonikosesha usingizi.

Mlikuwa barazani, simu mkononi, mnacheka. Watu wa nchi jirani walikuwa wakitukanana na watu wetu mtandaoni, nanyi mmejiunga. Mmoja akasema wafungiwe mpaka, tuone watakula nini. Mwingine akasema jeshi letu lingewamaliza kwa wiki mbili. Halafu yule mpole wenu, ambaye hata kuku hawezi kuchinja, akasema, "Kwanza tuwafukuze wenzao walioko huku, kazi zitapatikana." Hapo mkaitikia wote kama mko kwenye kwaya.

Sikuingilia. Mzee anayekatiza vicheko vya vijana huonekana mchawi. Lakini sasa nasema.

Hasira yenu siikatai. Mmesoma na kazi hakuna. Dada yenu alipokwenda kujifungua aliambiwa anunue glavu na uzi wa kushonea, na bado akaombwa kitu kidogo na mtu anayelipwa mshahara. Hiyo ni dhuluma, na anayewaambia mkae kimya ili nchi iwe na amani anawadanganya. Ninachokataa ni hesabu yenu. Mnadhani haki ya nyumbani inapikwa kwenye chungu kimoja na ujirani mwema kwenye kingine, kwamba hiki kikiungua mnaweza kukipiga teke kile mkabaki na chakula. Chungu ni kimoja. Mimi nimekula humo, na ukoko nimekwangua.

Tazameni ramani. Ukitoka Ziwa Victoria kwenda magharibi, mpaka wetu na Uganda umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na kweli ulipigwa kwa rula: mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko kwao kwamba ufuate mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta. Mto Kagera hawakuuangalia. Ndiyo maana kuna kipande cha Tanzania kilicho ng'ambo ya mto, Bunazi, Minziro, hadi Mutukula. Shangazi yangu aliolewa Bunazi. Mume wake alikuwa na ndugu upande wa Kakuto, Uganda, na msiba ukitokea huko walivuka na mikungu yao ya ndizi na rubisi bila kuulizwa na mtu. Kijijini kwao, mpaka ulikuwa kitu cha kwenye redio.

Januari 1971, huko Uganda, Idi Amin akampindua Milton Obote. Agosti 1972 akatangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke ndani ya siku 90. Nilikuwa na miaka 18, na nitawaambia jambo ambalo wengi wa rika langu hawalisemi: sisi vijana tulimshangilia. Tuliona haki imetendeka. Maduka yote mazuri yalikuwa ya Wahindi, hata Bukoba mjini, na sisi tulikuwa tunanunua chumvi kwa kipimo cha kopo huku mwenye duka hatutazami usoni. Mwalimu Nyerere aliuita uamuzi ule ubaguzi wa rangi, waziwazi. Sisi tukanong'onezana kwamba mzee amezidi upole.

Maduka wakapewa askari na marafiki wa askari. Waganda waliokuwa wakija kwetu walisimulia, nusu wakicheka nusu wakilia, habari za wenye maduka wapya waliosoma namba ya kola ya shati wakidhani ndiyo bei. Bidhaa za kwenye rafu zilipokwisha, hakuna aliyejua zilikuwa zinaagizwa wapi. Sukari ikapotea katika nchi iliyokuwa na viwanda vya sukari. Wakati huo shangazi yangu aliona biashara: alivusha sabuni na chumvi kwenda Uganda, kule ambako zamani ndiko zilikotoka.

Yule mpole wenu asikilize hapa. Haki inayoanza kwa kumfukuza mtu ina utamu wa miezi sita. Ikiisha, njaa iko palepale, na sasa hakuna wa kufukuzwa, kwa hiyo mnaanza kutafunana wenyewe. Uganda ilifika huko. Watu waliuawa kwa maelfu. Mwaka 1978 hata askari, ambao ndio walikuwa wamebaki wakila, wakaanza kugombana wao kwa wao. Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, aliumia kwenye ajali ya gari, na watu wake jeshini wakaona ni njama. Vikosi vikaasi. Namna hasa mapigano yalivyovuka mpaka bado inabishaniwa na wenye kuandika historia. Nisichobishana nacho ni kwamba mwisho wa Oktoba askari wa Amin walikuwa Bunazi, na Novemba mosi ikatangazwa kwamba ardhi yote mpaka mtoni sasa ni Uganda. Dhuluma iliyojaa ndani ya nyumba ya jirani ilifumua mlango na kuangukia kwa shangazi yangu.

Lakini nisiwasimulie kana kwamba sisi tulikuwa malaika. Miaka sita kabla, Septemba 1972, wapiganaji wa Obote walitoka ardhi yetu kwenda kumng'oa Amin. Walishindwa vibaya. Ndege za Uganda zikaja kuangusha mabomu Bukoba na Mwanza, nami nikiwa shuleni nilijitupa mtaroni na kalamu yangu ya wino ikavunjikia mfukoni. Ikabidi Siad Barre wa Somalia asuluhishe, na Oktoba mwaka huo pande mbili zikakubaliana Mogadishu kurudisha majeshi nyuma ya mpaka. Nampenda Mwalimu, picha yake mnaiona sebuleni. Alikuwa sahihi kukataa kukaa meza moja na Amin. Kuwaruhusu watu wapite kwetu na bunduki kwenda kwa jirani, hapo nadhani alikosea, na wa Bukoba waliokufa kwa mabomu hawakuwa wameulizwa.

Vita vya 1978 vilikuwa kitu kingine. Vilikuwa vya haki, na sibadilishi neno. Mtu akiingia kwako na kulala kitandani kwako humwiti kwenye semina. Shangazi alivuka mto usiku kwa mtumbwi na watoto wawili na kuku mmoja ambaye hakukumbuka kwa nini alimchukua. Mume wake hakuonekana tena. Ng'ombe walisombwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa, daraja la Kyaka likalipuliwa. Novemba 2 Mwalimu alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam, yale maneno ya uwezo, sababu na nia ambayo hata ninyi mnayajua, nilikuwa nimesimama na walimu wenzangu kuzunguka redio ya mwalimu mkuu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. Wiki hiyo nilijiandikisha mgambo. Niliacha darasa la nne B bila mwalimu. Somo lilikuwa sehemu, na ubaoni niliacha robo tatu.

Mapigano sitawasimulia. Nilikuwa mbebaji wa masanduku ya risasi zaidi ya kuwa mpiganaji, na wanaosimulia sana mara nyingi walikuwa nyuma yangu. Nitawapeleka mahali pawili tu.

Mutukula ya upande wa Uganda tuliipita baada ya kutekwa, Januari 1979. Ilikuwa imesawazishwa kwa tingatinga. Waliokutwa mle, na wengine walikuwa vikongwe wasioweza kukimbia, waliuawa. Hasira ya Kagera ilikuwa imefika pale kabla yetu. Mwalimu aliposikia alisikitika sana, akaamuru raia wasiguswe tena. Amri ilifika, tulisomewa tukiwa tumesimama mstari. Mimi mwenyewe niliitikia "Ndiyo, afande."

Masaka ilichukuliwa Februari 24. Mji ule ulipigwa mizinga, na hata baada ya kuuchukua majengo yaliendelea kulipuliwa, kulipiza ya kwetu. Siku ya pili yake niliingia kwenye duka ambalo mlango wake ulining'inia kwa bawaba moja. Ndani palikuwa na meza na cherehani ya mkono, Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutika. Chini ya sindano kulikuwa na gauni la shule, la bluu. Mkono mmoja ulikuwa umeshaunganishwa. Wa pili ulikuwa bado umebanwa pale sindano ilipoishia, kama vile fundi ameitwa nje mara moja. Nilikata uzi kwa meno. Gauni nikaliacha sakafuni, cherehani nikaifunga kwa shuka, nikampa dereva wa lori aliyekuwa anarudi Kyaka, pamoja na pakiti mbili za sigara.

Sikuwa peke yangu. Vitanda, redio, mabati, hata vitasa vya milango vilivuka mto. Nasema hili si kwa kujitetea. Nasema mjue kwamba vita vya haki navyo hutoka nyumbani vikiwa na sababu nzuri na kurudi na cherehani ya mtu.

Bibi yenu alikuwa mchumba wangu wakati huo. Nilipomletea, alifurahi kwa dakika moja. Akaipindua kuangalia kama ubao wake umeliwa na mchwa, akakuta jina limechorwa kwa msumari. Akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni adui. Akasema, "Adui aliyebatizwa jina langu?" Akaifunika kitambaa, na hatukuizungumzia tena mpaka anakufa. Jina lake mnalijua, kwa hiyo la yule fundi mnalijua pia.

Na sasa mnisikilize vizuri, maana haya ndiyo wanaopenda vita vya wiki mbili hawaambiwi. Hata bibi yenu angetaka kushona, asingeweza. Uzi haukuwepo. Kitambaa hakikuwepo. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, tukaimba. Jeshi letu lililokuwa na watu kama 40,000 lilikuwa limezidi 100,000, na kila mmoja alikula, alivaa buti na alipanda lori lililokunywa dizeli. Kwa makadirio ya wakati ule vita viligharimu kiasi cha dola milioni 500, katika nchi iliyokuwa inahesabu dola moja moja. Mwalimu alituomba tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikaisha, tukaambiwa tutoboe matundu mengine kwenye mkanda.

Nilirudi darasani. Mnajua shule ile ilivyokuwa kabla? Karo ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973. Mwaka 1977 tulianza kuandikisha kila mtoto wa umri wa shule, maskini na tajiri, na usiku tulifundisha wazazi wao kusoma kwa mwanga wa karabai. Nilimfundisha mama yangu mwenyewe kuandika jina lake. Aliliandika ukutani kwa mkaa na akakataa lisipakwe chokaa. Hiyo ndiyo haki ninayoijua mimi, ina harufu ya mkaa na mafuta ya taa. Niliporudi nilikuta madarasa mawili mapya yamesimama kwenye lenta, yakisubiri mabati. Yalisubiri mpaka miti ikaota ndani. Chaki tulikata vipande vitatu. Daftari tulilipasua katikati kwa wembe, watoto wawili daftari moja, na wa darasa la kwanza waliandika mchangani kwa kidole. Zahanati ilikuwa na mganga, dawa haikuwa nayo. Dukani tulipanga foleni tangu alfajiri kwa mche wa sabuni, na unga ukija ulikuwa ule wa njano tuliouita wa Yanga, ambao mashabiki wa Simba waliula wakinung'unika mara mbili.

Sitaki kuvitwika vita mizigo yote. Bei ya mafuta ilipanda duniani, kahawa yetu ikashuka, na mashirika yetu ya umma yalikuwa na panya wenye suti. Tulikuwa pia tumeshagombana na upande mwingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mpaka Novemba 1983. Miaka sita! Hiyo haikuwa na risasi hata moja, na ilianza kwa maneno. Sisi tuliwaita manyang'au, watu wanaolana. Wao wakasema afadhali wanaolana kuliko wasio na cha kula. Tulicheka sana pande zote mbili, kama mnavyocheka barazani. Meli ya MV Victoria, iliyokuwa inazunguka ziwa zima, Kisumu na Port Bell na huku kwetu, ikageuka kuwa ya Mwanza na Bukoba tu. Waliotukana walikuwa na ofisi. Aliyekosa soko la dagaa wake alikuwa mama wa Musoma.

Njaa ile ilifungua njia za porini. Mdogo wangu, ambaye hamkumwona, alikuwa mwalimu pia. Mshahara haukununua kitu, akaacha chaki akaingia magendo na Uganda: kahawa inakwenda, vitambaa vinarudi. Kulikuwa na kitambaa kilichopendwa, kikiitwa Juliana. Mwaka 1983 hospitali za mkoa wetu ziliona wagonjwa watatu wa kwanza wa ugonjwa mpya nchini, na kabla haujapewa jina na madaktari, watu huku waliuita Juliana. Sisemi vita ndivyo vilivyouleta. Wenye elimu hiyo wana maelezo marefu kuliko yangu. Nasema tu kwamba mdogo wangu alizikwa akiwa na miaka 31, na asingekuwa kwenye njia zile kama shule ingekuwa na mshahara.

Mtaniuliza: basi Babu unataka tuwe waoga, jirani akidhulumu watu wake tugeuke upande? Hapana. Desemba 1965 tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Waafrika wa Rhodesia, tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Tulikuwa maskini kweli, na ile hela ingejenga kitu. Bado nakiri ilikuwa sawa, maana hatukumwaga damu ya mtu na bei tuliijua kabla ya kulipa. Tuliwapa wapigania uhuru Kongwa, tukawapa Nachingwea, tukawapa Mazimbu. Wazee wa vijiji vile waligawana maji na watu ambao lugha yao hawaijui. Hilo najivunia.

Ila lina mtego wake. Dunia ilipotusifu kwa kupigania haki za watu wa mbali, wapo wakubwa hapa walioitumia sifa hiyo kama shuka la kujifunika. Tulikuwa tunalaani makaburu kwa kufunga watu bila kesi, na sisi tulikuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Tuliwasomesha watoto wa wageni, na mwaka 1974 tulikuwa tunapakia wazee wetu kwenye malori kuwapeleka vijijini, wengine nyumba zikichomwa wasirudi. Walioambiwa hiyo ni haki yao hawakuulizwa wanaitaka kwa njia gani. Wakati mwingine tulijisahihisha. Watuhumiwa walipoteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwanzoni mwa 1977, ingawa hakumpiga mtu kofi. Miaka minane baadaye akawa Rais. Hilo mtu wa nje hakulipigia makofi sana, lakini kwangu lina uzito kuliko hotuba kumi za New York. Mkitaka kujua kama nchi inaipenda haki, msisikilize inavyowasema majirani. Angalieni inavyofanya mtu wake anapofia selo.

Mambo hayo hayajaisha, ndiyo maana nawasumbua. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoletwa Namanga kutoka Kenya vilichomwa moto vikiwa hai, kwa kuogopa mafua ya ndege. Huenda sheria ilikuwa na haki yake; magonjwa ya kuku nayajua, yamenimalizia banda mara mbili. Lakini aliyevileta alikuwa mchuuzi wa vifaranga. Na wapo waliofurahi, nakumbuka, walisema tumewaonyesha. Tumewaonyesha nini? Siku ile hakuna mtoto wa Longido wala wa Kajiado aliyeongezewa dawati.

Kwa hiyo mkisikia mkubwa anapaza sauti juu ya jirani, ulizeni kwanza nyumbani kuna nini wiki hiyo. Bei ya unga ikoje, nani amekamatwa, ripoti gani ya ukaguzi imetoka. Mara nyingi mtakuta kitu. Na mkisikia mtu wa nje anawasifu kwamba ninyi ni kisiwa cha amani, pia ulizeni, amani hiyo imelala juu ya nani. Dada yenu aliyenunua glavu angeweza kuwajibu. Anayestahili ukali wenu ni yule aliyechukua hela ya glavu, na yeye hana pasipoti ya kigeni. Anakaa mtaa wa pili na mnamwamkia shikamoo. Mwendeeni huyo, kwa mikutano, kwa kura, kwa mahakama, kwa barua zenye majina yenu chini. Ni kazi ngumu kuliko kumtukana Mkenya au Mrundi, na ndiyo maana watu wengi huchagua ile nyingine.

Na siku ikija kweli ya kulazimika kupigana, maana huja, ulizeni bei, na mjiulize mtakuwa watu gani mkirudi. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na miaka 24 na robo tatu ubaoni.

Sasa cherehani. Mwezi uliopita niliitia mafuta, nikaifunga kwa shuka safi, nikamwomba mmoja wenu anisindikize Mutukula. Masaka si mbali kutoka pale, na nilikuwa na jina. Mafundi cherehani wanajuana. Nilifikiri nikiuliza sokoni kwa wazee nitapata hata mtoto wake, hata mjukuu. Mutukula siku hizi ni mji, wajukuu zangu, una benki na hoteli, na kituo cha mpakani ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa nyumba moja. Nilijaribu kutafuta mahali tingatinga lilipopita. Palikuwa na mama anauza chapati na mayai, anapokea shilingi za kwetu na za kwao kutoka mfuko mmoja wa aproni.

Foleni ilikwenda haraka. Kijana wa forodha, mpole, wa umri wenu, akafungua shuka, akalizungusha gurudumu kidogo kama mlivyokuwa mkifanya ninyi. Akasema, "Shikamoo mzee. Hii ya zamani sana, nzuri. Umeinunua wapi? Una risiti?"

Mjukuu wangu akanigeukia kunitazama. Nyuma yetu madereva wa malori walianza kuguna.

Nikamwomba yule kijana kiti.